Gari Langu Liko Matangani

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Barua ya kampuni ya mkopo imefika. Nisipolipa kufikia kesho, madalali watachukua gari. Riba ni asilimia saba kwa mwezi. Nilikopa nikiwa na akili timamu, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Binti yangu Lynette anasema njia ipo: sacco yake, chama cha akiba na mikopo, italipa deni lote, nami niwarudishie polepole kwa asilimia moja. Kinachotakiwa ni sahihi yangu tu. Nimemwambia nitafikiria. Nina mpango bora.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango wenyewe: hakuna dalali anayethubutu kuvuta gari kutoka boma lenye maiti. Watu wa huku wangemzika pamoja na marehemu. Nimeendesha hadi Sigalagala, kwenye matanga ya mwalimu Makhanu, niliyemwona mara moja sokoni akinunua kuku. Nimeegesha nyuma ya hema. Mjane wake, Mama Edah, alinishika mikono, akauliza nilimjua marehemu wapi. Nikasema tumetoka mbali.

Jumatano, 6 Agosti
Gari limekuwa la kamati. Limebeba kuni, sufuria, gunia la mahindi, na kwaya nzima kwa awamu tatu. Protus, mwenyekiti wa kamati, ananiita ndugu na kunituma tena kila nikikaa. Pikipiki ikipita, nainama nyuma ya sufuria nikidhani ni madalali. Sijaogopa hivi tangu 1992, tulipofukuzwa Bonde la Ufa kwenye ghasia za uchaguzi tukatembea siku tatu, godoro kichwani. Niliapa sitakimbia tena kwa miguu. Ndiyo maana nina gari. Watoto wanasema ni ubishi wa mzee.

Alhamisi, 7 Agosti
Wakati wa chakula, kijana nadhifu aliketi kando yangu. Akala obusuma na ingokho, ugali wetu kwa kuku, bila haraka, kisha akajitambulisha: Weldon, wa kampuni ya mkopo. Tonge likanikwama. Akanipigapiga mgongoni. Gari lina kifaa kinachoonyesha liliko, akasema, na wamejua tangu Jumanne. Lakini kuchukua gari matangani ni utovu wa adabu. Mzee, tutangoja mzike. Akaomba aongezewe mchuzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwomba Protus asogeze mazishi hadi wiki ijayo, kwa heshima ya marehemu. Akanitazama sana. Mama Edah akasikia, akauliza tena nilimjua mumewe wapi. Nikakiri yote: deni, sahihi ya sacco ninayoikwepa, na kwamba nilimwona sokoni, mara moja, na kuku alikuwa mnono. Alicheka hadi wenzake wakadhani amezidiwa na majonzi. Akasema Makhanu mwenyewe aliwahi kuficha baiskeli ya deni matangani kwa shemeji, na ilichukuliwa kaburi likiwa bado bichi. Baba, akaniambia, nenda utie sahihi. Nikaenda. Weldon alinifuata hadi mlango wa sacco, taratibu, kama msafara wa jeneza.

Jumatatu, 18 Agosti
Deni la kampuni limekwisha. Logibuku, hati ya umiliki wa gari, iko chini ya mto wangu. Lynette ameniapisha kwa Biblia nisikope tena. Nimelala vizuri siku mbili.

Leo nimehesabu watu wa nyumbani: tisa. Viti vya gari: vitano. Uchaguzi ni 2027. Nitamwacha nani barabarani? Nimempigia Weldon. Anasema kwa mteja wa zamani, mkopo wa gari la pili huchukua saa moja, nije na logibuku tu. Ana heshima sana kijana yule.

Nimeulizia pia. Chekalini kuna matanga mawili.