Meno ya Nasimiyu Hayahitaji Safari

Jumamosi, 2 Agosti
Mjukuu wangu Nasimiyu amefika kutoka Kitale na habari mbaya. Waya ya meno imetolewa! Kila mwezi alikuwa anakuja kukazwa waya hiyo na daktari hapa Bungoma, kisha analala kwangu Bumula, anakunywa uji kwa sababu meno yanauma, ananifundisha herufi. Mimi darasa sijawahi kuliona. Hizi ninazoandika ni zake.

Sasa ati daktari amepitisha kamera ndogo mdomoni, kompyuta ikachora meno yote, mashine ikatoa vifuniko vya plastiki, vyembamba kama ukucha. Anavaa kimoja, wiki ikiisha anabadilisha. Anajipiga picha na simu, daktari anaangalia. Nikauliza, na kuja? Akasema kwa furaha kwamba hakuna haja tena, kukhu! Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

Nikasema vizuri. Nikaenda jikoni kusingizia moshi.

Jumapili, 3 Agosti
Mpango! Nimemchomea mahindi magumu, na miwa juu. Kifuniko kivunjike, arudishiwe waya. Msichana akakivua, akakiweka kando ya sahani, akamaliza mahindi kama panya, akasukutua, akavaa tena. Meno ya kuvuliwa mezani!

Jirani Fridah akachungulia. Nyumba yake imejaa wajukuu na anapenda nijue. Akasema huyu wangu alikuwa mgeni wa daktari tu, mimi nilikuwa kitanda. Nikamwambia afunge mdomo inzi wasiingie. Lakini neno lile lilinichoma.

Wakati wa chakula cha jioni akavua kifuniko tena. Akiwa anaosha vyombo nimekifunga kwa kitambaa, nimekisukuma chini ya kuku anayelalia mayai. Kuku mkali huyo. Amenidonoa.

Jumatatu, 4 Agosti
Tumetafuta pamoja. Mimi nimetafuta kumshinda, hadi chini ya godoro. Nilijua atabaki wiki nzima akipimwa upya. Akapiga simu. Daktari akasema mdomo wake bado uko kwenye kompyuta, mashine itatoa kifuniko kingine, kitamfuata Kitale. Basi akaenda. Kikombe chake kiko mezani. Sijakiosha.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeenda mjini kumgombeza daktari. Kipkemei, kijana wa Mlima Elgon, mpole mpaka anaudhi. Nikamwambia arudishe waya. Akauliza kama sikumbuki mtoto alivyokuwa akiumia. Nakumbuka. Ni mimi niliyekuwa napika uji!

Akanionyesha meno ya Nasimiyu kwenye kompyuta, yanazunguka hewani bila mwenyewe. Nikayasalimia.

Nikaomba nifungwe waya mimi, ili Nasimiyu awe ananisindikiza kila mwezi. Akachungulia. Meno ya chini ya mbele waliyang'oa nikiwa msichana, ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mengine yamejiondokea. Akasema hakuna cha kuvuta. Hana adabu!

Alipoona siondoki, akanipa meno ya plasta, sanamu nyeupe ya kipimo cha zamani cha Nasimiyu. Hawatumii tena, yanajaza kabati. Nimeyaweka kwenye kiti chake. Tumekunywa chai. Ni mazuri, lakini hayasahihishi herufi zangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Kuku ametotoa! Nasimiyu akapiga simu ya picha, akataka kuona vifaranga. Nikawaelekezea simu. Akauliza kinachong'aa pale katikati, kwenye kitambaa kilichofunuliwa na kuku, ni nini. Nikasema ganda. Akasema kukhu, hilo ganda lina magego.

Nikangoja matusi. Akacheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka. Akasema si ningemwambia tu aje, bana. Atakuja kesho. Bila daktari, bila meno, na kila mwezi atakuja hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Agosti
Jana amekuja kweli! Nimemtembeza mbele ya nyumba ya Fridah, tukaenda, tukarudi. Nikamwambia Fridah kwamba leo hakuna daktari. Akaingia kwake, akafunga mlango. Utamu!

Nasimiyu ameniapisha kwamba nikimtaka nitasema kwa mdomo, na vitu vyake sitaficha tena. Nimeapa, mkono juu ya Biblia. Kesho asubuhi anarudi Kitale, na mwezi ujao atakuja. Namwamini kabisa.

Sasa anaoga. Kiatu chake cha kushoto kiko chini ya kuku. Amenidonoa tena.