Mpangaji wa Alama Mia Saba

Jumatatu, 6 Oktoba
Ghorofa ya juu bado tupu. Jirani yangu Elroy kaja kunitambia kwamba wapangaji wake wote hulipa kabla hajawaomba. Nimemwuliza siri. Eti humtazama mtu usoni. Usoni! Mimi nitatazama alama. Kuna kampuni mtandaoni: unajaza jina na anwani ya mwombaji, inakuletea ripoti ya madeni yake na alama za ulipaji wake. Mwenye chini ya mia saba hapandi ngazi zangu. Mke wangu Bernadette kauliza sisi wenyewe tuna ngapi. Nimemwambia mwenye nyumba haulizwi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwombaji! Wendell Kuczynski Mdogo, mtoto wa rafiki yangu Wendell Mkubwa. Fundi wa mabomba. Mkewe Tess ana mimba kubwa, na wanalala sebuleni kwa dada wa Tess. Kijana kasikia bomba letu la jikoni linadondoka, akalikaza bila kuombwa. Nusura nimpe funguo. Nikajizuia. Hongera, Gordy!

Ripoti imekuja: 512. Lo! Boti haijalipwa. Deni la kasino. Mtoto yuko njiani, baba yuko majini! Nimempigia simu kumkatalia. Kaapa hana boti, hata kuogelea hajui. Nikamwambia kompyuta haina sababu ya kumsingizia. Akasema haya mzee, asante. Nilimsikia Tess akilia. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Aibu tupu. Laiti ardhi ingepasuka nikaingia.

Mlo wa samaki wa kila Ijumaa ukumbini kanisani, parokia nzima mezani. Wendell Mkubwa kaniuliza, kwa upole kabisa, mwanawe kanikosea nini. Ningeweza kumvuta pembeni. Mimi tena! Nikajibu kwa sauti, mdomo umejaa kabichi: mwulize boti kaificha wapi, na kasino anakwenda na nani. Wendell akawa mwekundu. Mkewe, Dolores, akaweka uma chini. Akauliza, boti gani, Wendell?

Si huku kwetu baba humpa mwana jina lake lote, la kwanza hadi la mwisho? Na anwani ya kijana bado ni ya nyumba ile ile ya baba yake. Mimi kwa haraka zangu sikuandika “Mdogo”, wala tarehe ya kuzaliwa. Kampuni ikaniletea madeni ya baba. Nimeirudia ripoti usiku huu: kijana ana alama 768. Dolores hakumaliza samaki wake. Alitoka peke yake, na mimi sikujua nitazame wapi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimebeba keki kwenda kuwaomba radhi Wendell Mdogo na Tess. Kumbe Elroy kashawapa nyumba yake ndogo ya uani. Hakuwauliza chochote! Tess kapokea keki, kasema asante, kafunga mlango taratibu. Afadhali angenitukana. Elroy kapaza sauti dirishani: je, hiyo keki imeshachunguzwa madeni?

Jumanne, 14 Oktoba
Kagonga Wendell Mkubwa, begi mkononi, ndevu hazijanyolewa. Dolores kamfukuza. Analala garini, na baridi hii! Yote kwa mdomo wangu. Machozi yalinitoka. Nikamkumbatia, nikamkalisha, nikammiminia brandi. Kaomba ghorofa ya juu, walau mpaka Dolores apoe. Nikaona Mungu kanipa nafasi ya kuifuta aibu yangu. Nikamwambia ni yake, kwa moyo wangu wote. Ila kwanza, dola arobaini za ripoti.

Kanitazama sana. Kasema, we Gordy, ripoti yangu si umeshaisomea parokia nzima? Nikamwelewesha kwamba ile ilikuwa ya maombi ya mwanawe. Safari hii nitajaza tarehe ya kuzaliwa.

Kachukua begi lake, kaondoka. Bernadette kamkimbilia na bakuli la supu, na tangu arudi hasemi nami. Nimekaa hapa uso unaniwaka. Lakini hebu nijiulize: mtu safi ataogopaje kuchunguzwa? Nimeponea chupuchupu.