Msaidizi Asiyembishia Mkubwa

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Mafunzo yameanza, ukumbi wa chama chetu cha wakulima wa mpunga, Mlabani. Siku tano za kujifunza kufanya kazi kwa timu pamoja na msaidizi wa akili mnemba, yule wa kwenye kompyuta. Ijumaa tunachagua kiongozi wa timu nzima ya chama. Nani mwingine kama si mimi? Ila Balbina, muuza pembejeo, naye anautaka uongozi. Anaandika kila neno la mwalimu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza!

Jumanne, 11 Novemba
Mwalimu Elineema kasema tumruhusu msaidizi atuulize na kutukosoa. Ati! Aliyezaliwa juzi anikosoe mimi, Amedeus, mwenye wajukuu wanne? Nimemwandikia: kwanza shikamoo, pili usimbishie mkubwa. Akaniamkia papo hapo. Raha iliyoje!

Jumatano, 12 Novemba
Zoezi la makundi: kalenda ya msimu wa mpunga. Wenzangu wa kundi, Fridolin na Theodosia, walitaka tuikague pamoja. Nikawatuma wakanywe chai. Mimi na msaidizi tumemaliza kwa dakika kumi! Kundi la Balbina limebishana mpaka jioni, hata na kompyuta yao. Hawana adabu kule.

Alhamisi, 13 Novemba
Kalenda zimeonyeshwa ukutani. Mama yangu! Kumbe kwa haraka niliandika kuvuna ni Machi. Msaidizi kapanga vibarua, magunia na trekta, vyote Machi, bonde zima likiwa chini ya maji. Bibi Stumai, mkulima mwenzetu, akauliza kama tutavuna mpunga au kambale. Fridolin alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi. Nikamuuliza msaidizi kwa nini hakunionya. Akajibu kwa heshima kwamba kosa aliliona, ila mimi ni mkubwa. Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Ijumaa, 14 Novemba
Balbina kashinda. Hata Theodosia kampigia kura! Niliumia, nikameza. Halafu Balbina akaja, shikamoo kwanza, akasema ananihitaji niwe mkaguzi wa kazi za msaidizi, maana hakuna anayejua kama mimi jinsi anavyoweza kuharibu. Mkaguzi! Ukifikiria vizuri, ni cheo kikubwa kuliko kiongozi. Nimenunua soda kwa ukumbi mzima.

Jumamosi, 15 Novemba
Kazi yangu ya kwanza imefika. Mpango wa mbegu wa chama kizima, kurasa kumi na mbili. Nikavaa miwani. Nikamuuliza msaidizi kama ziko sawa. Akasema ziko sawa kabisa.
Nimesaini.