Noti za Kijapani za Duke Onyiego

Duke Onyiego aliposoma kwenye simu kwamba zamani huko Japani kila mtawala wa jimbo alichapisha noti zake mwenyewe, alicheka hadi wapita njia mjini Kisii wakamgeukia. Bahati yetu magavana hawajasikia. Noti zenyewe zilikuwa nyembamba kama utepe, karatasi ya magome ya mti, zimegongwa kwa ubao uliochongwa: mungu mnene wa utajiri amekalia magunia ya mchele.

Mnene juu ya magunia. Duke akamkumbuka Mokua wa Nyacheki, mwenyekiti wa wakulima wa chai, ambaye bonasi ya watu iliingia kwake ikakosa mlango wa kutokea. Mokua alikuwa na ng'ombe wa gredi mwenye mimba, na babake Sheila, mchumba wa Duke, alikuwa ameapa hatatoa binti bila ng'ombe wa aina hiyo.

Duke akachonga ubao wa mparachichi, maandishi kinyumenyume. Wino ukawa masizi ya sufuria na utomvu. Karatasi ikawa mgomba uliochemshwa, ukatwangwa, ukaanikwa kwenye bati, kisha ukalowekwa kwenye chai ya rangi uzeeke.

Akafika kwa Mokua na pikipiki yake, amevaa tai, akaweka bunda kwenye kigoda mlangoni. Akaeleza kwamba matajiri wa Japani wanazililia noti hizo, ila yeye ana haraka ya kuoa, atapokea ng'ombe tu. Mokua akauliza mbona panya hawakuzila miaka yote hiyo.

"Wino wake ni sumu, omogaka, mzee wangu. Wajapani ni watu wa mipango."

Mokua akasema Mkristo hafanyi biashara bila maombi. Akaombea wagonjwa, mvua, hata serikali. Sauti yake ilizungukazunguka uani. Duke, macho kayafumba, akadhani ni Roho. Alipofumbua, kigoda kilikuwa kando ya zizi, na ng'ombe alikuwa anamalizia mungu wa utajiri.

"Amekula sumu," Mokua akasema taratibu. "Na mimba hiyo."

Duke akaona kusema ni mgomba mtupu ni kujifunga mwenyewe.

"Acha pikipiki hapa, kijana wangu. Akipona uje uichukue."

"Nitajuaje amepona?"

"Nitakuambia mimi."

Ng'ombe amezaa, maziwa yanajaza ndoo, na kwa mujibu wa mwenyekiti bado ni mgonjwa sana. Pikipiki inabeba chai ya Mokua. Duke hutembea kwa miguu, na akiulizwa husema, "Mimi utapeli nilijifundisha kwa simu. Yule tulimpigia kura."