Nimeitwa, Nikaruka

Jamani, leo nimeaibika. Mbele ya baba yangu, mbele ya wazazi wa wenzangu, na mbele ya kuku watatu waliokuwa wamepikwa vizuri sana. Bado nanuka mchuzi. Naandika haya nikiwa nimekalia upande mmoja (msiniulize kwa nini).

Kwa wasionijua, naitwa Luka, mtu wa Kitale. Tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikifanya mazoezi Bungoma kwa mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa komando wa kuruka kwa mwavuli. Huwatayarisha vijana wanaotaka kujiunga na jeshi. Si kambi ya serikali, ni shamba lake tu. Ana matairi ya kutambaa ndani, ana ukuta wa kupanda, na ana mnara wa nguzo za mikaratusi unaofika juu ya paa la nyumba yake. Sisi humwita Afande.

Mimi ndoto yangu ni mwavuli. Si bunduki, si gwaride. Mwavuli! Afande hutucheka kila asubuhi. Na ulimi wa Afande hauna l. Kila l kwake ni r.

"Nyinyi mnafikiri komando ni kuruka tu," husema. "Kuna wa redio. Kuna wa dawa. Kuna wa mbwa. Kuna yure wa kurara kwa nyasi mchana mzima, akiangaria njia moja bira kukohoa. Huyo sasa ndiye komando!"

Nafula wa Naitiri anataka kuwa mtu wa dawa. Barasa wa Moi's Bridge anataka redio. Lakini pale hakuna anayeitwa kwa jina lake. Afande anasema jina ni la nyumbani, mazoezini mtu ni kule alikotoka. Nafula ni Naitiri. Mimi ni Kitare. Miezi yote hiyo sijawahi kumsikia akitamka Luka.

Sasa baba. Baba ana mashine ya kusaga mahindi karibu na Kipsongo na angependa nimsaidie huko. Si kwamba analichukia jeshi. Shida yake ni mimi.

"Luka, wewe husikii," huniambia. "Mtu akianza kusema, wewe umeshaondoka."

(Ni kweli. Siku moja aliniambia, "Washa mashine," nikawasha. Alikuwa bado anamalizia: "nikishatoa mkono." Mkono uko, msijali.)

Kwa hivyo tulipatana. Angekuja Bungoma siku ya wazazi ajionee mwenyewe. Akiona nimejifunza kusikia, ataniruhusu niende kuandikishwa. Asipoona, narudi kusaga mahindi, na hakuna kunung'unika. Nilimpa neno langu.

Siku ya wazazi ndiyo leo.

Baba alifika na pikapu ya jirani, amevaa ile suti aliyoshonewa kwa harusi ya dada yangu. Afande akamkimbilia kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Baba Ruka!"

Barasa akanifinya. Baba Ruka! Tulicheka hadi tukashika mbavu (ningejua ningelia mapema).

Mazoezi yakaanza, na wacha niseme ukweli, leo nilikuwa moto. Geuka, nikageuka. Simama, nikasimama. Sikutangulia amri hata moja. Kisha Afande akasema, "Rara!" Nikalala kifudifudi kwenye nyasi, na nilikuwa nimelalia siafu. Wakaingia kwenye kola. Wakaingia mahali ambapo siwezi kupataja hapa kwa sababu mama mchungaji yuko kwenye hii grupu. Sikutikisika! Nikachungulia kwa jicho moja, nikamwona baba akiitikia kwa kichwa, polepole, vile huitikia mahubiri yakimwingia.

Nikasema moyoni, Luka, leo unatoka.

Ukafika wakati wa mnara. Unapanda, unafungwa kamba kiunoni, na ile kamba imefungwa kwenye boriti iliyo juu yako. Mbele yako, chini, kuna lundo la maganda ya mahindi. Hakuna anayeondoka hadi Afande aseme, "Ruka!" Kwa kawaida husimama pale pale mbele ya lundo. Lakini leo hema la kulia chakula lilijaa wageni, kwa hivyo meza ya chakula ikawekwa nje, upande wa kulia wa mnara, na Afande alikuwa hapo na baba. Mama Afande, mkewe, alikuwa ameshampakulia baba firigisi, heshima ya mgeni.

Nafula akaruka vizuri, akapigiwa makofi. Ikawa zamu yangu. Nikasimama ukingoni, macho mbele, kifua nje. Kwa pembeni nikamwona baba amemwinamia Afande, anamnong'oneza kitu. Afande akageuka, akainua uso, akaita:

"Ruka!"

Nikaruka.

Tena nikarukia kulia, kwa sababu sauti ilitoka kulia (si ndiyo utiifu?). Kulia hakuna maganda. Kamba ikanikaza kiunoni, ikanibembeza kwa nguvu, nikapita juu ya meza miguu ikiwa mbele. Ugali ukaenda. Kuku wakaenda. Nikafika mwisho wa kamba, nikarudi kinyumenyume, nikabeba soda kwa makalio. Wazazi wakalala chini wote bila kuamriwa.

"Yesu wangu!" Mama Afande akapiga kelele. "Ni nani alimwambia aruke?"

"Nimekuita jina!" Afande akanguruma. "Jina!"

Nikamjibu nikiwa bado nabembea. "Afande, umesema ruka!"

"Ndiyo! Ruka! Si ndiyo jina rako?"

"Tangu lini unaniita jina?"

"Baba yako yuko hapa! Nikuite Kitare mbere ya mzazi wako? Sina adabu? Nirikuwa nataka kukuambia—"

"Wacha, Afande," baba akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Akaja, akanikumbatia miguu ili nisimame. Ile suti ikajaa mchuzi kuanzia tai hadi mshipi. Watu walikuwa wanacheka, Barasa alikuwa amekaa chini analia kwa kicheko. Baba hakucheka. Hakunigombeza pia. Afadhali angenigombeza.

Kwenye pikapu alinitandikia gazeti kitini ili nisichafue gari la watu. Tulipofika Kamukuywa nikajikaza.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Ni ule ulimi wa Afande."

"Huo ulimi umeusikia tangu mwaka uanze. Si ungengoja hata neno la pili?"

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kwani alikuwa ananiita aniambie nini?"

Baba akapisha lori la miwa kwanza. Kisha akaniambia. Hakuniangalia, aliangalia barabara tu. Nami nikageuza uso dirishani, na sikuugeuza tena hadi tukapita Kiminini. Sijawahi kujuta hivi.

"Na sasa?" nikauliza tulipoingia Kitale.

"Sasa kuna mahindi ya kusaga," akasema. "Mwaka ujao tutaona."

Kwa hivyo kuanzia Jumatatu, anayetaka unga anajua pa kunipata. Lakini tafadhali, asinicheke mtu. Afande alikuwa amebakisha maneno mawili tu: baba amekubali.