Mikia ya Zambarau

Jumatatu, 7 Oktoba 2002. Uvira.
Mama Dokta Félicité amekwenda Bujumbura. Akirudi atateua shefu wa labo, mkuu wa maabara yetu: mimi au mwenzangu Sylvestre. Mimi, bila shaka! Panya wetu arobaini wametimiza mwaka. Nusu walipewa kemikali wakiwa bado wananyonya, nusu maji tu. Kwa kawaida madume ndio wanaoota uvimbe kwenye ini. Dokta anataka kujua kama kemikali ya utotoni inavuruga homoni hata majike waugue kama madume. Wa kemikali nimewapaka mikia zambarau. Wazo langu! Sylvestre amewatoboa na masikio, eti rangi inatoka. Wivu mtupu.

Jumapili, 13 Oktoba.
Risasi tangu alfajiri, upande wa Mulongwe. Sylvestre kakimbilia milimani. Nimebaki shujaa peke yangu! Nikawamimina panya wote katika kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani wakiwa bado ndani, mbio hadi parokiani. Mke wangu Fanny akapiga kelele njia nzima: "Weye! Matela umeiacha, mapanya ndiyo unabeba?" Nikamwambia godoro halina homoni.

Jumatano, 16 Oktoba. Bado parokiani.
Balaa! Ndagala walikuwa wabichi, maji yao yameosha rangi, mikia yote imetakata. Kazi ya Dokta ya mwaka mzima! Ushefu wangu! Halafu akili ikaja. Aliyekunywa kemikali lazima awe mnyonge. Nimeomba rangi ya zambarau ya vidonda kwa Sista Charlotte wa zahanati, nikapaka ishirini waliokonda. Dakika kumi tu. Kipaji!

Jumatatu, 21 Oktoba.
Mji umetulia. Dokta amerudi, amepasua panya wote ila jike mmoja. Wa zambarau, majike wote maini safi. Wa mikia myeupe, majike kwa madume uvimbe tele! Akaketi sakafuni, akasema mwaka wake umepotea. Mimi nilikuwa tayari kumpongeza kwa kugundua tiba. Sylvestre, mwenye kiherehere, akasema tutazame masikio. Ikajulikana: wanene ndio wa kemikali, na majike wao wana uvimbe kama madume. Dokta akalia kwa furaha. Nami nikalia. Bila kikapu changu, masikio yangetoka wapi?

Jumatatu, 4 Novemba.
Sylvestre ni shefu wa labo. Mimi ni shefu wa vizimba! Cheo kipya kabisa, Uvira nzima ninacho peke yangu. Na leo jike aliyebaki amezaa saba, maana kikapuni sikutenganisha mtu. Dokta amefurahi, akaagiza wasiguswe na kemikali yoyote mpaka Sylvestre awatoboe masikio. Nimemtangulia. Nimewapaka mikia, safari hii kwa rangi ya kucha ya Fanny. Hii haitoki! Mama yao anawalamba tangu asubuhi, na wao wananyonya vizuri sana.