Ombi la Tamko la Kanisa Kuhusu Pistoni za Bwana Valdecir

Guarapuava, Paraná
Julai 9

Kwa Mheshimiwa Padre Leocádio Zampieri,
Parokia ya Mtakatifu Kristofa.

Padre,

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: OMBI LA TAMKO LA KANISA KUHUSU PISTONI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na kwamba kile kikohozi cha wiki ya novena kimekwisha. Mimi pia ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kinachonisumbua, na nimeona nikuandikie badala ya kusubiri kitubio, kwa sababu kwenye kitubio mtu anaruhusiwa kutaja dhambi zake tu, nami nataka kutaja za wengine.

Unanifahamu. Ni mimi Ivonete Brandalise, mwalimu wa katekisimu. Sijawahi kuisumbua parokia. Hata paa la ukumbi lilipovuja juu ya watoto wa komunyo ya kwanza, niliwaambia ni maji ya baraka na tukaendelea na amri ya nne. Leo naomba jambo moja tu. Naomba Kanisa liseme wazi ni pistoni zipi zifungwe kwenye gari la mume wangu.

Niruhusu nieleze chanzo. Mwanangu Edivan alirudi nyumbani mwezi wa Februari, baada ya ndoa yake kule Cascavel kuvunjika. Alirudi na masanduku mawili na mashine ya kahawa ambayo hakuna aijuaye kuiwasha ila yeye. Akapata kazi ya kupima soya kwenye maabara ya ushirika. Jioni alikula, akasema asante, akafunga mlango wa chumba chake. Baba yake Valdecir, ambaye tangu aache kuendesha lori hajui miguu yake aiweke wapi, naye alikula, akawasha televisheni. Ukitaka kusikia sauti ya binadamu pale kwangu ulisubiri nimkemee paka. Sikulalamika, Padre. Nyumba ilikuwa tulivu na vyombo vilioshwa mapema.

Ikaja Aprili. Valdecir aliipandisha Gol, gari lake kuukuu, kwenye kilima cha machimbo ya mawe, ile ile aliyoifunga turbo kwa mikono yake kinyume cha ushauri wangu, ili injini isukumiwe hewa kwa nguvu na yeye ajione kijana. Kabla hajafika kileleni moshi ukatoka, pistoni moja ikapasuka, na gari likarudi likivutwa na trekta mbele ya majirani wote. Edivan akatoka chumbani. Akafungua boneti, akachungulia, akasema: "Baba, hizi ni pistoni za kiwandani, za kumiminwa kwenye kalibu. Ukitaka kuchezea turbo, weka zilizofuliwa kwa nyundo kama jembe."

Valdecir akamjibu: "Nani kakuuliza, daktari wa maharage?"

Tangu dakika ile sijasikia kimya.

Ili utoe hukumu ya haki, nitakueleza suala lenyewe kwa ufupi, ingawa mimi mwenyewe sikuelezwa kwa ufupi. Pistoni zilizofuliwa zina madhehebu mawili. La kwanza limechanganywa silikoni nyingi. Likipata moto halitanuki sana, kwa hiyo fundi hulibana vizuri ndani ya silinda, na asubuhi gari huwaka kimyakimya kama watu wastaarabu. Kasoro yake ni kwamba mafuta yakilipuka kabla ya wakati, laweza kupasuka. Dhehebu la pili halina silikoni ya kutajika. Ni gumu kufa, hupinda kabla ya kuvunjika, lakini hutanuka sana, kwa hiyo lazima liachiwe nafasi, na mpaka injini ipate joto hugonga tok, tok, tok ukutani mwa silinda. Hapa kwetu, Padre, gari linakunywa spiriti ya miwa na Julai kuna barafu kwenye majani. Unajua mwenyewe spiriti inavyogoma kuwaka kwa baridi. Hiyo tok tok yaweza kuendelea mpaka kahawa ichemke, ipoe na ichemshwe tena.

Edivan ni wa silikoni. Valdecir ni wa tok tok. Mimi ni wa usingizi, na kwa hiyo nasimama na mwanangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Meza yangu ya jikoni. Mahali pa bakuli la matunda sasa pamekaa pistoni mbili za mfano, moja ya kila dhehebu, zilizoazimwa kwa fundi Osmar. Tunakula tukizizunguka. Shemeji yangu alipotutembelea aliuliza kama ni za kuwekea mayai.

2. Tanuri. Hili ni zito. Jumamosi ya kabla ya mnada wa parokia nilioka keki tatu za cuca. Nilipotoka uani kuanua nguo, mume wangu aliingiza pistoni yake kwenye tanuri lile lile, cuca zikiwa bado ndani, ili athibitishe kwamba haitanuki kama inavyosingiziwa. Nilirudi nikawakuta wote wawili wamepiga magoti, mmoja na glavu zangu za jikoni, mwingine na kipimo, wakipigiana kelele. "Soma, Baba, soma mwenyewe!" "Umeibana mno, unaifinya maskini ya Mungu!" "Siifinyi, imenenepa!" Cuca zilitoka na harufu ya gereji. Nilizipeleka mnadani hivyo hivyo kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Wewe ulikula vipande viwili na ukaniuliza kama nimebadilisha mdalasini. Samahani.

3. Mazungumzo yenyewe. Wanaanza na kibuyu cha chimarrão, chai yetu chungu, alfajiri, wanapokezana, na hata mrija ukiwa mdomoni hawanyamazi. "Wewe umewahi kushusha tani thelathini mlimani kwenye ukungu?" mzee anauliza. "Kitu kinachopasuka hakikupi onyo. Kinachopinda kinakupa nafasi ya kuomba Mungu!" Edivan naye: "Baba, hili si lori. Ni gari la kumpeleka Mama sokoni." "Basi Mama yako afike na injini nzima!" "Afike na masikio mazima, mzee. Yako yamezibwa na dizeli." Na wanacheka! Wanacheka, halafu wanaanza upya mwanzoni kabisa, kana kwamba jana haikuwepo. Wiki iliyopita nilizima taa ya jikoni wakiwa bado ndani. Waliendelea gizani.

4. Mtaa. Ugonjwa umetoka nje. Kinyozi ni wa tok tok, muuza nyama ni wa silikoni, na tangu Mei hawakopeshani ngazi. Katika kikundi chetu cha rozari, Dona Salete alitangaza nia yake kuwa ni "kwa wagonjwa, kwa marehemu, na kwa Bwana Valdecir asikubali kubanwa." Wanawake watano waliitikia utuombee.

5. Wewe, Padre. Nasema hili kwa heshima yote. Ulikuja kubariki nyumba yetu. Ulianza vizuri sebuleni. Ulipofika jikoni ukaiona ile pistoni mezani, ukaweka chini kinyunyizio cha maji ya baraka, ukainyanyua kwa mikono miwili na kusema kwamba ulipokuwa seminarini mlikuwa na gari aina ya Chevette. Sikujua. Katika maisha yangu yote ya parokia sikuwahi kuambiwa kuhusu Chevette. Kisha ukaongeza, na hapa nanukuu: "Mimi ningeacha mwanya wa ringi za pistoni mkubwa kidogo, turbo inapasha joto." Valdecir akakukumbatia. Edivan akaleta kalamu. Ulituaga giza limeingia, na chumba cha kulala na bafu mpaka leo havijabarikiwa.

6. Mimi mwenyewe. Jumanne mtoto mmoja wa katekisimu aliniuliza kwa nini Mungu alimpa binadamu uhuru wa kukosea. Nilifungua mdomo, nikamjibu: "Mungu aliacha nafasi kidogo, mwanangu, maana moto ukija kila kitu hutanuka." Watoto wote waliitikia kwa vichwa kwamba wameelewa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote.

Kwa hiyo, Padre, nakuomba Jumapili hii utamke altarini kwamba pistoni ya silikoni, inayokaa mahali pake bila kupiga kelele, ndiyo inayomfaa Mkristo mwenye familia. Siku ya maandamano ya Mtakatifu Kristofa, magari yatakapopita mbele yako kubarikiwa, nakuomba usimnyunyizie hata tone mtu yeyote ambaye injini yake inagonga ikiwa baridi. Apashe joto kwanza, kama sisi tunavyofunga kabla ya komunyo. Valdecir akikata rufaa, mpeleke kwa Baba Askofu. Na ikiwa Baba Askofu naye aliwahi kuwa na Chevette, basi suala liende Roma, ambako natumaini bado wamo wazee wanaopanda treni.

Sitaki ushindi, wala sitaki mtu aaibishwe. Nataka meza yangu, tanuri langu, na nyumba ambayo mtu anaweza kusikia saa ya ukutani. Nataka kimya tu.

Nisalimie Sista Gertrudes na umwambie vitambaa vya altare viko tayari. Msalimie katibu wa parokia, mpiga kinanda na mguu wake, na wote wa kwaya, hata wale wa sauti ya pili.

Wako katika Kristo na katika subira inayokwisha,
Ivonete Brandalise

Nyongeza. Barua hii ilichelewa kwenye mkoba wangu kwa sababu ya mvua, na yametokea mambo. Alhamisi Valdecir alikubali. Aliweka kibuyu chini, akasema, "Haya, kijana. Uko sahihi. Fungeni za silikoni." Wakazifunga wao na Osmar. Jumamosi asubuhi, barafu ikiwa bado kwenye kioo, wakaliwasha. Padre, hakuna kilichosikika. Walisimama wameinamia boneti, vichwa vikikaribia kugusana, wakasikiliza kwa muda mrefu. Hakuna kilichogonga. Nilipiga makofi. Wakapeana mikono kama wageni, wakanawa.

Jioni Edivan alikula, akasema asante, akafunga mlango. Valdecir akawasha televisheni. Jana hivyo hivyo. Leo nimechemsha pinhão, mbegu za msonobari, sufuria nzima, nikaiweka katikati ya meza, ambayo sasa ni safi na kubwa mno, nikakaa. Hakuna aliyekuja. Saa ya ukutani naisikia vizuri sana, asante.

Nakuomba uichane barua hii. Altarini usiseme lolote. Lakini wiki hii, ukiwa na nafasi, pita hapa kama unakwenda kwa mgonjwa. Mwombe Valdecir awashe gari, mwite Edivan atoke chumbani naye asikilize, kisha uinamishe kichwa na useme tu, "Mbona kama kuna kitu kinagonga?" Najua ni uwongo. Dhambi hiyo nitaiungama mimi.